"Un dimanche à Kigali": Mapenzi ya watu wawili yaliyosimuliwa na mmoja

Filamu ya Kanada iitwayo "Un dimanche à Kigali", yaani "Jumapili mjini Kigali", ilitoka mwaka 2006 ikiwa na mambo mengi ya kumvutia mtazamaji wa Rwanda. Ilirekodiwa hapa nchini. Hadithi yake inazunguka Hôtel des Mille Collines, hoteli ambayo mkazi yeyote wa jiji anaifahamu. Na kiini chake ni mapenzi: mwanamume na mwanamke wanapendana huku mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yakikaribia.

Hata hivyo, mtazamaji wa hapa anaweza kuimaliza filamu hiyo ya takriban saa mbili akiwa na uzito moyoni usiotokana na huzuni ya hadithi peke yake. Makala haya yanaeleza uzito huo unatoka wapi, kwa nini filamu za aina hii hutengenezwa jinsi zinavyotengenezwa, na ni zipi zilizojaribu njia nyingine.

Niliitazama Jumapili moja jioni huko Kabuga, mji mdogo ulio ukingoni mwa Kigali upande wa mashariki, kwenye barabara iendayo Rwamagana. Tulikuwa sebuleni kwa jirani, watu wa rika mbalimbali, baadhi yetu tukizungumza Kiswahili tangu utotoni, wengine Kinyarwanda tu. Kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri habari, na mazungumzo ya filamu kwa sehemu kubwa ni ya Kifaransa, niliombwa niwafasirie wasiokijua. Jambo hilo si geni Rwanda. Filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya mfasiri wa Kinyarwanda, maarufu kwa jina la agasobanuye, zimetazamwa majumbani na katika vibanda vya video kwa miaka mingi.

Kufasiri ndiko kulikonionyesha kasoro. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitamka maneno ya mwanamume: hasira yake, mawazo yake kuhusu nchi, hofu yake ya kumpoteza ampendaye. Zamu ya mwanamke ilipofika, mara nyingi maneno yalikuwa machache, na mengi yalimhusu mwanamume huyo huyo. Katikati ya filamu, bibi mmoja aliyeketi karibu nami aliniuliza kama binti huyu hana mtu wa kumwambia ya moyoni isipokuwa mzungu wake. Sikuwa na jibu.

Filamu inasimulia nini?

Bernard Valcourt ni mwanahabari kutoka Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa. Amekuja Kigali kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu UKIMWI. Hotelini anakutana na Gentille, mhudumu kijana, na mapenzi yanaanza. Nje ya hoteli, nchi inaandaliwa kwa maangamizi: chuki inatangazwa redioni, na Interahamwe wanazidi kupata nguvu.

Filamu haifuati mpangilio wa kawaida wa wakati. Inapishanisha vipindi viwili: miezi ya kabla ya mauaji, mapenzi yanapochipua, na siku za baadaye, Valcourt anaporudi kumtafuta Gentille katika nchi iliyoharibiwa. Mwisho wake hatutausimulia hapa, kwa ajili ya wale ambao hawajaiona.

Valcourt ameigizwa na Luc Picard, mwigizaji mwenye jina kubwa Quebec. Gentille ameigizwa na Fatou N'Diaye, mwigizaji wa Ufaransa aliyezaliwa Senegal. Mwongozaji ni Robert Favreau.

Chanzo cha filamu ni riwaya ya Gil Courtemanche iliyochapishwa Montreal mwaka 2000, ambayo baadaye ilitafsiriwa katika lugha nyingi. Courtemanche, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa mwanahabari. Alikuwa amefika Rwanda kabla ya mwaka 1994 na kushiriki kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu UKIMWI, kama mhusika wake. Kwa hiyo Valcourt amebeba mengi ya mwandishi mwenyewe, na jambo hilo, kama tutakavyoona, lina athari kubwa katika namna hadithi inavyosimuliwa.

Inafaulu wapi?

Haki inadai tuanze na yaliyo mema. Filamu hii haikujitenga na mahali pa tukio. "Hotel Rwanda", filamu ya mwaka 2004 inayojulikana zaidi duniani, kwa sehemu kubwa ilirekodiwa Afrika Kusini. Favreau alileta kamera zake Rwanda, na milima, barabara na mwanga wa jioni wa Kigali vinaonekana jinsi vilivyo.

Pili, inakumbusha kwamba mauaji hayakuanguka kutoka mbinguni usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipodunguliwa. Yalikuwa na maandalizi, na watu waliyaona yakiandaliwa. Inaweka pia UKIMWI mbele ya macho yetu, ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kigali wakati siasa ikizungumza lugha ya mapanga.

Tatu, hadithi ya Gentille inagusa upuuzi wa vitambulisho vya kikabila. Katika riwaya, karatasi zake zinasema ni Mhutu, lakini umbo lake ni lile ambalo wauaji waliliita la Kitutsi. Utawala wa Ubelgiji ndio ulioanza kuandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, na mtoto akahesabiwa kuwa wa kabila la baba yake. Miaka 60 baadaye, kipande hicho cha karatasi kiliamua nani apite kizuizini na nani asipite, na pale karatasi ilipokosa kuaminiwa, sura ya mtu ilitosha kumhukumu. Riwaya imeweka mambo haya mawili katika mwili wa mwanamke mmoja, na hapo imegusa ukweli.

Nchini Kanada kazi hiyo ilithaminiwa. Mwaka 2007 ilipata tuzo ya Genie kwa hati bora ya filamu iliyotoholewa kutoka katika kitabu.

Kwa nini basi inavunja moyo?

Jibu fupi ni hili: mapenzi yanahitaji watu wawili, na filamu hii inatujulisha mmoja.

Tunamjua Valcourt kwa undani. Tunajua kazi yake, uchovu wake, aibu yake kwa niaba ya dunia iliyokaa kimya. Kamera iko begani mwake anapopenda na iko begani mwake anapotafuta. Gentille tunamjua kwa kumtazama. Ni mzuri, ni mnyamavu, ni mwaminifu. Hata jina lake, ukilifasiri kutoka Kifaransa, maana yake ni mpole au mwenye moyo mwema. Jina hilo ni la kawaida Rwanda na si kosa kulitumia, lakini katika hadithi hii linageuka kuwa maelezo yote ya tabia yake.

Mtazamaji wa hapa anajua kwamba msichana wa Kigali wa mwaka 1994 alikuwa na dunia pana kuliko chumba cha hoteli. Alikuwa na shangazi wa kumuonya, na majirani waliomjua tangu utotoni. Kwetu mapenzi yanayokusudiwa kufika mbali huwa na mtu wa kati. Wanyarwanda humwita umuranga, na watu wa pwani humwita mshenga. Huyo ndiye anayepeleka ujumbe, anayeulizia ukoo, anayetayarisha siku ya kuomba mke na kuleta inkwano, yaani mahari, ambayo kwa desturi ni ng'ombe. Kupitia mtu huyu, mapenzi ya wawili huwa jambo la nyumba mbili.

Utaratibu huo una uzito wa pekee katika hadithi ya mwaka 1994, kwa sababu mauaji yaliharibu kila kiungo chake. Jirani alimgeuka jirani. Wapo walioshambuliwa na watu waliokula nao harusini. Filamu ambayo ingetuingiza kwanza katika mtandao huo wa watu, kisha ikatuonyesha unavyokatwa, ingemfanya mtazamaji wa nchi yoyote aelewe kilichopotea. Lakini Gentille anapowekwa zaidi katika macho ya mpenzi wake, tunachoombolezea ni hasara ya Valcourt.

Kuna suala la lugha pia. Gentille na Valcourt hupendana kwa Kifaransa. Hilo linaaminika, kwani Kifaransa kilikuwa lugha ya shule na ya hoteli kubwa. Ila mtu anayeishi kwa lugha mbili huwa na yale anayoyasema kwa lugha moja tu. Anaomba, anatania na kulia kwa lugha ya nyumbani. Sisi Waswahili wa Rwanda tunalijua hilo kwa uzoefu: Kinyarwanda sokoni na ofisini, Kiswahili barazani Biryogo na Nyamirambo. Mtu akikujua kwa lugha yako moja tu, amekujua nusu.

Kwa nini filamu ikatengenezwa hivyo?

Ingekuwa rahisi kulaumu nia mbaya, lakini sababu ni za kawaida zaidi.

Sababu ya kwanza ni fedha. Filamu hii ni ya Kanada na ilikusudiwa kwanza mtazamaji wa Kanada anayezungumza Kifaransa. Mtazamaji huyo hununua tikiti akiona uso anaoufahamu, na Luc Picard alikuwa uso huo. Mhusika anayefanana na mtazamaji huwa mlango wa kuingilia nchi asiyoijua.

Sababu ya pili ni chanzo chenyewe. Courtemanche aliandika kuhusu Rwanda aliyoiona, na aliiona akiwa mgeni. Katika kitabu, msomaji anaweza kumvumilia msimulizi wa namna hiyo, kwa sababu anajua anasoma mawazo ya mtu. Filamu huonekana kama macho ya kila mtu. Mtazamo wa mmoja ukiwekwa kwenye skrini bila kuhojiwa, hugeuka kuwa ndio ukweli.

Sababu ya tatu ni mazoea ya miaka ile. "Shooting Dogs" ya mwaka 2005, kuhusu shule ya ETO ya Kicukiro, ilimfuata padri mzungu na mwalimu kijana kutoka Uingereza. "Shake Hands with the Devil" ya mwaka 2007 ilimfuata Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Kila moja ina thamani yake, na Dallaire ni shahidi halisi wa historia. Lakini zikiwekwa pamoja, zinamfundisha mtazamaji wa mbali kwamba yaliyotokea Rwanda huaminika zaidi yakisemwa na aliyekuja na kuondoka.

Wanawake walioisimulia mahakamani

Je, swali la nani anasema ni la wapenda sanaa tu? Historia ya karibu nasi inaonyesha sivyo.

Mwaka 1997, katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliyokuwa Arusha, nchini Tanzania, ilikuwa ikiendelea kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na shtaka la ubakaji hata moja. Ndipo mashahidi wanawake, wakieleza yaliyowapata, wakataja ubakaji. Majaji, ambao miongoni mwao alikuwa Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, waliwasikiliza. Mwezi Juni mwaka huo mashtaka yalirekebishwa ili kuujumuisha.

Tarehe 2 Septemba 1998 hukumu ilitolewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kutambuliwa kuwa sehemu ya mauaji hayo.

Wanawake hao walisema kwa Kinyarwanda, na wakalimani wakayapeleka maneno yao kwa Kifaransa na Kiingereza. Maneno hayo yalivuka lugha na kubadili sheria ya dunia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wanawake waliobakwa mwaka 1994 ni kati ya 250,000 na 500,000. Idadi hiyo ni pana kiasi cha kutotamkika kwa urahisi, na kwa sababu hiyo filamu inayochagua kumsimulia mwanamke mmoja imechukua dhamana kubwa. Miaka minane baada ya hukumu ya Arusha, "Un dimanche à Kigali" ilikuwa na nafasi ya kumpa Gentille sauti kama ile. Ikampa zaidi uzuri na mateso.

Filamu nyingine zilifanyaje?

Mapenzi na mauaji ya kimbari vinaweza kukaa katika filamu moja bila mmoja wa wapenzi kugeuzwa picha. Mifano ipo, na baadhi ilitangulia.

"100 Days" ya mwaka 2001 ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Iliongozwa na Nick Hughes, mwanahabari Mwingereza aliyekuwa Kigali mwaka 1994, na mtayarishaji wake alikuwa Mnyarwanda Eric Kabera. Ilirekodiwa Kibuye, kando ya ziwa Kivu, na baadhi ya waigizaji wake walikuwa manusura. Wapenzi wake, Josette na Baptiste, wote ni vijana wa Kinyarwanda. Josette anakimbilia kanisani, na padri anayemhifadhi anamlipisha usalama huo kwa kumdhulumu kingono. Filamu haina utajiri wa picha za Favreau, na uigizaji wake mahali pengine ni mgumu, lakini hatuna shaka hadithi ni ya nani. Kabera baadaye alianzisha tamasha la filamu la Rwanda, linalojulikana kwa jina la Hillywood, ambalo lilipeleka skrini vijijini ili watu watazame wakiwa nyumbani kwao.

"Sometimes in April" ya mwaka 2005, ya mwongozaji wa Haiti Raoul Peck, nayo ilirekodiwa Rwanda. Mhusika mkuu, Augustin, ni kapteni Mhutu aliyemuoa Jeanne, Mtutsi. Idris Elba ameigiza nafasi ya mume, na Carole Karemera, msanii mwenye asili ya Rwanda, nafasi ya mke. Hapa ndoa ina watoto, ina ndugu, ina deni la kauli kati ya kaka na kaka. Msiba unapoingia, unaingia katika nyumba tuliyokwisha kuijua.

Kwa wasikilizaji wetu, filamu ya kutafutwa zaidi huenda ikawa "Kinyarwanda" ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Alrick Brown, Mmarekani mzaliwa wa Jamaika. Ndani yake kuna mapenzi ya vijana wawili, Jeanne na Patrique, lakini mapenzi hayo yamesukwa pamoja na maisha ya watu wengine, likiwemo kimbilio la Msikiti Mkuu wa Kigali. Filamu inakumbuka jinsi viongozi wa Kiislamu walivyowakataza waumini kushiriki mauaji, na jinsi milango ya msikiti ilivyofunguliwa kwa waliokuwa wakiwindwa bila kuulizwa dini yao. Ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance la Marekani. Jamii yetu, ambayo kwa muda mrefu ilitazamwa kama ya pembezoni, inaonekana humo ikitenda.

Kutafuta ni kazi ya miaka

Kuna jambo la mwisho lililotufanya sisi wa Kabuga kuitazama nusu ya pili ya filamu kwa moyo mgumu. Valcourt anamtafuta Gentille. Anauliza, anafuata fununu, anatazama nyuso. Katika filamu utafutaji huo ni safari ya mtu mmoja, na unafika mwisho kabla taa hazijawashwa.

Hapa Kabuga, katika tarafa ya Rusororo wilayani Gasabo, makaburi ya halaiki yaligunduliwa mwezi Aprili 2018, katikati ya makazi ya watu. Miaka 24 ilikuwa imepita. Kwa muda wote huo watu walipika, walisomesha watoto na kusalimiana juu ya ardhi iliyoficha wapendwa wa wengine, na wapo waliokuwa wakijua na kunyamaza. Familia kutoka sehemu mbalimbali zilikuja kuangalia nguo, viatu na mabaki ya vitambulisho, zikitumaini kutambua kitu. Mwezi Mei 2019 mabaki ya watu karibu 85,000, wakiwemo waliotolewa Kabuga, yalizikwa kwa heshima katika ukumbusho wa Nyanza, Kicukiro.

Kwa manusura, kutafuta ni kwenda mara ya kumi mahali ulipokwisha kwenda mara tisa, na kumuuliza jirani swali ambalo amekwisha kukujibu kwa kuangalia pembeni. Filamu ingeweza kutumia hata robo saa kwa mama, dada au rafiki wa utotoni anayetafuta bila pasipoti ya kigeni na bila nchi nyingine ya kurudi. Tungeelewa zaidi kimya cha Kigali ya Julai 1994, na mapenzi ya Valcourt yasingepungua kitu kwa kuwekwa kando ya mapenzi ya wengine.

Je, itazamwe?

Ndiyo, itazamwe, hasa na vijana, lakini si peke yake. Akiitazama pamoja na "100 Days" au "Kinyarwanda", kijana ataona tofauti mwenyewe bila kuhubiriwa. Wakati wa Kwibuka, kipindi cha maombolezo kinachoanza kila tarehe 7 Aprili, ni vyema pia kuwauliza kwanza wazee walio nyumbani kama wangependa kuwepo. Picha za ukatili kwenye skrini zinaweza kumrudisha manusura mahali asipotaka kurudi.

Jioni ile Kabuga, filamu ilipokwisha hakuna aliyezungumza juu ya Valcourt. Bibi aliyeniuliza swali alianza kutusimulia kuhusu msichana aliyemjua, aliyekuwa akifanya kazi mjini kabla ya vita: wazazi wake, jinsi alivyopenda kucheka, kijana aliyekuwa amemtumia mshenga. Alisimulia polepole, akichanganya Kinyarwanda na Kiswahili. Safari hii sikuombwa kufasiri, na tulikaa kumsikiliza hadi usiku.